Nusu saa kabla, saa sita baada: shajara ya mradi wetu wa mirija ya nyongo

Wiki ya 1

Mradi huu haukuzaliwa mkutanoni. Ulizaliwa kando ya kitanda cha mama mmoja wa makamo aliyeletwa kwetu na macho ya manjano, mkojo kama chai ya rangi na mwasho uliomnyima usingizi kwa wiki kadhaa. Ultrasaundi ilionyesha jiwe kwenye mrija mkuu wa nyongo. Dokta alipitisha skopu, ule mpira mrefu wenye kamera, akakata msuli wa kilango ambamo nyongo hutokea, akalikokota jiwe kwa puto, na nyongo ikamwagika nyeusi kama oili chafu ya gari. Tulipongezana. Waya nilikuwa nimeushika mimi, na nilitoka chumbani nikitembea kwa madaha.

Asubuhi yake mama yule alikuwa amejikunja kitandani kama jongoo aliyeguswa. Kongosho lilikuwa limevimba. Akakaa wodini kwa siku nyingi akiuguzwa maradhi ambayo hakuja nayo. Sisi ndio tuliompa.

Jioni hiyohiyo nilikwenda wodi ya wazazi kuazima glovu. Kabati lilikuwa wazi, na mbele yangu zimepangwa boksi za diklofenaki ya kuweka njia ya haja kubwa, zile wanazopewa akina mama waliojifungua kwa upasuaji ili kutuliza maumivu. Dawa hiyohiyo, miligramu 100, ikiwekwa kabla skopu haijapita, hupunguza hatari ya kongosho kuvimba. Kutoka kabati lile hadi mlango wetu ni hatua arobaini. Nilizihesabu nikirudi.

Kesho yake nilimwambia Dokta, "Naomba tuandike kila kitu, tuanze upya." Akakubali, kwa sharti kwamba mwandishi niwe mimi. Ndiyo maana shajara hii inaandikwa na muuguzi. Majina ya watu na ya hospitali hayatakuwamo.

Kwa wasioijua kazi yenyewe: ini hutengeneza nyongo, nyongo hushuka kwenye mrija hadi utumbo mwembamba, na pale inapotokea pana kilango kidogo chenye msuli wake. Balaa ni kwamba mrija wa kongosho nao hutokea hapohapo. Anayetafuta njia ya nyongo anabisha hodi kwenye mlango wa nyumba mbili, na mwenye nyumba ya pili ni mkali. Jiwe, uvimbe au kovu likiziba mrija, nyongo hurudi nyuma, mtu huwa manjano, na wadudu wakiingia humo damu yote huchafuka. ERCP ni kupitisha skopu mdomoni hadi kwenye kilango hicho, kumwaga dawa ya rangi, kutazama kwa eksirei, kisha kutoa jiwe au kuacha stenti, yaani mrija mdogo wa plastiki au chuma, ili nyongo ipite. Daktari mpasuaji William McCune na wenzake wa Washington walieleza mara ya kwanza kuingia kilango hicho kwa skopu mwaka 1968. Msuli ulianza kukatwa kwa njia hii mwaka 1974, Ujerumani na Japani karibu kwa wakati mmoja.

Wiki ya 2

Nimeshinda siku tatu kwenye stoo ya mafaili. Vumbi, mende, na mwandiko wa madaktari.

Nilitaka kujua wagonjwa wetu wangapi walipata tatizo baada ya kazi. Sijapata jibu, na sababu ya kutolipata ndiyo habari yenyewe. Faili linasema "procedure imeenda vizuri", sahihi, basi. Mgonjwa akirudi siku ya tatu na homa, anapokelewa dharura, anafunguliwa faili jingine na kulazwa wodi nyingine. Sisi wa chumba cha skopu tunaendelea kupongezana.

Kipimo cha kujilinganisha nacho kipo. Mwaka 1996 kundi la watafiti likiongozwa na Freeman lilichapisha habari za wagonjwa 2,347 waliokatwa msuli wa kilango. Waliopata tatizo walikuwa 9.8%; kongosho kuvimba 5.4%, kutoka damu 2%. Hao walikuwa mabingwa wa Marekani na Kanada. Kwa hiyo hospitali ikiniambia haijawahi kupata tatizo, naelewa kwamba haijawahi kutazama.

Tumekubaliana na Dokta tusitangaze asilimia zetu. Tuna wagonjwa wachache, na kwenye idadi ndogo asilimia huongopa: mmoja akiumwa tunaonekana wauaji, asipoumwa hata mmoja tunaonekana malaika. Tutaandika kila mgonjwa kwa mstari wake kwenye rejista moja, na mstari haufungwi mpaka mtu awe amemwona au amempigia simu siku ya 7.

Rejista ni kaunta buku ya kawaida, jalada jekundu. Aliniuliza kijana mmoja wa TEHAMA kwa nini nisiweke kwenye kompyuta. Nikamwambia kompyuta ya chumba chetu inawashwa kwa dua.

Wiki ya 3

Wiki ya diklofenaki.

Ushahidi ulikuwa rahisi kuuweka mezani. Mwaka 2012 utafiti wa Marekani kwa watu 602, wengi wao wenye hatari kubwa, ulionyesha waliowekewa indometasini, ndugu yake diklofenaki, kwa njia ya haja kubwa walivimba kongosho 9.2%, na waliowekewa kidonge kisicho na dawa 16.9%. Mwaka 2016 Wachina wakafanya kwa watu 2,600: pale walipopewa wote ndani ya nusu saa kabla ya skopu, waliovimba kongosho walikuwa 4%, na pale walipochaguliwa wa hatari tu na kupewa baada ya kazi, 8%. Chama cha endoskopi cha Ulaya kinasema apewe kila asiye na sababu ya kukatazwa, iwe diklofenaki au indometasini, miligramu 100. Sisi indometasini ya namna hiyo hatunayo. Diklofenaki ipo tele na bei yake haimtishi mtu.

Kilichotuchukua wiki nzima kilikuwa swali moja: nani anaiweka?

Wodi walisema ni dawa ya chumba cha skopu. Mimi nikasema mgonjwa akishafika kwangu keshavalishwa na keshachomwa dripu, muda umekwisha. Mfamasia alitaka iandikwe kwa jina la mgonjwa, si kwa jina la chumba. Mtaalamu wa usingizi alitikisa kichwa tu. Mwisho tukakubaliana hivi: inaandikwa na daktari siku mgonjwa anapopangiwa, inachukuliwa duka la dawa pamoja na kanula na maji, inawekwa na muuguzi wa chumba cha maandalizi nusu saa kabla, na saa inaandikwa kwenye fomu. Bila saa, mgonjwa havuki mlango.

Wasioipata nao tumewaandika ukutani: mwenye mzio nayo, mwenye figo zilizochoka, mjamzito aliyesonga mbele, mwenye kidonda cha tumbo kinachovuja. Kwa hao hutumika maji ya Ringa laktati kwa wingi, mililita 20 kwa kilo baada ya kazi, kisha 3 kwa kilo kila saa kwa saa 8, ila kama moyo au mapafu yake hayatahimili mzigo huo.

Mengine hayamo kwenye utafiti wowote. Leo mzee mmoja wa makamo ya babu yangu alikataa katakata. "Mwanangu, mimi nimekuja kutazamwa nyongo, huko chini kunahusu nini?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Nilimwamkia tena, nikavuta kiti, nikamchorea kwenye karatasi nyumba mbili na mlango mmoja. Akatazama, akacheka, akasema, "Kumbe mnampaka dawa jirani kabla hamjabisha." Tangu hapo ndivyo ninavyowaeleza wote. Tumeweka pazia, na wanaume wanahudumiwa na muuguzi mwanamume. Waliokataa baada ya pazia: hakuna.

Wiki ya 4

Orodha ya kusoma kwa sauti kabla ya kuanza. Nilidhani Dokta ataiona utoto.

Nikamkumbusha kwamba orodha ya Shirika la Afya Duniani ya usalama wa upasuaji, kabla ya kuenea dunia nzima, ilijaribiwa katika hospitali nane za miji minane. Kati ya Toronto, London, Seattle na mingineyo, mmoja ulikuwa Ifakara. Matokeo yalitoka mwaka 2009: vifo vilishuka kutoka 1.5% hadi 0.8%, matatizo kutoka 11% hadi 7%. Ifakara, kwa wenye mpunga! Dokta, ambaye amekulia bonde la Kilombero, akaichukua karatasi akaisoma mwenyewe.

Yetu ina maswali machache. Nani huyu, na amekuja kufanywa nini? Damu yake inaganda? Aliyeziba nyongo hafyonzi vizuri vitamini K, kwa hiyo anaweza kuvuja damu hata kama hajawahi kumeza dawa yoyote ya kuzuia kuganda. Anatumia wafarini au klopidogreli, na aliacha lini? Aspirini tunaiacha iendelee. Diklofenaki imewekwa saa ngapi? Picha ya mirija tunayo, na tunataka kutoa nyongo upande gani? Aproni za risasi zimevaliwa, na kipimo cha mionzi kiko kifuani au kimeachwa kwenye droo? (Kilikuwa kwenye droo. Vyote vinne.)

Wiki ya 5

Hii ndiyo wiki niliyoiogopa.

Ulaya wana kanuni ya 5-5-1. Kilango kikiguswa zaidi ya mara 5, au ukihangaika zaidi ya dakika 5, au waya ukiingia mrija wa kongosho bila kukusudia zaidi ya mara 1, kazi imeshakuwa ngumu na hatari inapanda. Kuendelea kuchokoa vilevile ni kumwumiza jirani. Unabadili njia, unampisha mwenye mkono mwingine, au unaacha na kurudi siku nyingine.

Kanuni ni nzuri. Lakini mwenye skopu macho yake yako kwenye skrini, na dakika 12 humpitia kama 3. Lazima mtu mwingine ahesabu na aseme. Mtu huyo ni mimi, na anayeambiwa ni daktari bingwa aliyenifundisha hata namna ya kushika waya.

Nilinunua saa ya jikoni, ile ya kuhesabia keki, nikaibandika kwenye mashine. Mgonjwa wa kwanza wa Jumanne: dakika ya tano ikalia. Nikasema, "Dakika tano, Dokta." Kimya. Mtaalamu wa usingizi akajifanya anasoma mashine yake. Dokta akasema, "Nimesikia, Sista," akaendelea. Dakika ya saba nikasema tena. Ya tisa nikanyamaza, na kunyamaza huko nimekuandika kwenye rejista, maana nami nina sehemu yangu. Mgonjwa alipona salama, lakini hiyo ilikuwa bahati yake.

Jioni Dokta akaniita. Nilikwenda na maneno yangu nimeyapanga. Akasema, "Usiniambie muda. Muda nitaupinga. Niulize, 'Tunabadili nini?'"

Alhamisi ikatokea tena, na waya umeshaingia kongosho mara mbili. Nikauliza, "Tunabadili nini, Dokta?" Akapumua. Waya uliokuwa kongoshoni akauacha hapohapo uzibe njia ile, akapitisha wa pili pembeni yake, na huo ukapanda kwenye nyongo kama uliokuwa unangojwa. Kabla ya kutoka akaacha stenti nyembamba ya plastiki kwenye mrija wa kongosho ili uvimbe usiufunge. Utafiti wa Marekani na Kanada uliochapishwa mwaka 2024, watu 1,950 wenye hatari kubwa, uliona waliopata indometasini peke yake wakivimba kongosho 14.9%, na walioongezewa stenti hiyo 11.3%. Tulikuwa na stenti tatu za namna hiyo stoo. Hakuna aliyezitumia kwa sababu hakuna aliyekuwa ameuliza.

Mjadala mfupi ulizuka kama muuguzi anapaswa kumsemesha bingwa namna hiyo mbele ya wanafunzi. Msimamo wangu ni kwamba swali lina adabu kuliko amri, na mgonjwa aliyelala kifudifudi na mpira mdomoni hawezi kuuliza mwenyewe.

Wiki ya 6

Tumewakataa watu wawili wiki hii, nami nawahesabu kama mafanikio.

Wa kwanza kijana mwenye selimundu, macho manjano kama embe dodo. Alipewa rufaa kama "mrija umeziba". Wenye selimundu hupata sana mawe ya nyongo, kwa hiyo wazo lenyewe si la kubezwa. Lakini kinyesi chake kilikuwa na rangi ya kawaida, hakuwa na mwasho, na bilirubini, ile rangi ya manjano ya damuni, iliyopanda ilikuwa ile ambayo ini halijaigusa. Chembe nyekundu zilikuwa zinavunjika, na mrija kwenye ultrasaundi ulikuwa mwembamba. Skopu ingemfanyia nini zaidi ya kumtia hatarini? Karudi kliniki ya damu.

Wa pili ana uvimbe kichwani mwa kongosho, mdogo, na wapasuaji walikuwa tayari kumpokea baada ya siku chache. Mazoea ni kumwekea stenti kwanza "ashushe manjano". Mwaka 2010 Waholanzi walilipima zoea hilo: waliopasuliwa mapema walipata matatizo makubwa 39%, waliotangulizwa stenti 74%. Kwa hiyo kama hana homa, hawashwi kupita kiasi, bilirubini haijapanda mno na upasuaji upo karibu kweli, aende moja kwa moja. Neno "kweli" nimelipigia mstari. Mahali ambapo "wiki ijayo" ya thieta ni mwezi ujao, hesabu hubadilika.

Wiki ya 7

Hakuna kazi. Mashine ya eksirei imeharibika, fundi anatoka mbali. Nimefunga mistari minne ya rejista kwa simu. Mmoja alidhani ni matapeli, akakata.

Wiki ya 8

Usafi. Hapa nitachelewa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipoaibika.

Skopu ya ERCP si kama skopu ya tumbo. Inatazama pembeni, na mwishoni ina kidole kidogo cha chuma kinachonyanyua waya. Nyuma ya kidole hicho pana upenyo ambao brashi ya kawaida haifiki, na nyongo ikikaukia humo wadudu hujenga makazi. Mwaka 2015 Wamarekani walitangaza kwamba wagonjwa walikuwa wakiambukizana vijidudu sugu kupitia skopu ambazo zilikuwa zimesafishwa kwa kufuata maelekezo yote. Mwaka 2019 mamlaka yao ya dawa, FDA, ilisema hadi 5.4% ya sampuli zilizopimwa kutoka kwenye skopu zilizokwisha kusafishwa zilikutwa na vijidudu vya hatari, na Agosti mwaka huohuo ikazihimiza hospitali kuhamia skopu zenye kifuniko cha mwisho kinachotupwa, au skopu nzima ya kutumia mara moja.

Skopu za kutupa si za kwetu leo. Tuna skopu moja ya ERCP, na kidole chake hakibanduki. Kwa hiyo tunabaki na brashi, maji, dawa na uaminifu.

Jumatatu nilisimama na daftari nikamtazama kaka yetu anayesafisha, hatua kwa hatua. Anajua kazi, mikono yake myepesi. Kufuta na kuvuta sabuni palepale kitandani kabla nyongo haijakauka: sawa. Kupima kama skopu inavuja: sawa. Brashi kwenye mifereji: sawa. Kidole: alikipiga brashi kikiwa kimeinuliwa tu. Nikamwuliza kwa nini hakishushi. Akajibu, "Sista, wewe ndiye uliyenifundisha."

Ni kweli. Nilimfundisha hivyo, miaka ile, kwa sababu nami nilifundishwa hivyo. Kinatakiwa kishushwe na kuinuliwa tena na tena, kisuguliwe mbele na nyuma, kisha kitazamwe kwa lenzi. Tumenunua lenzi ya fundi saa.

Ya pili: glutaraldehaidi ya 2%, dawa ya kuloweka skopu ili kuua vijidudu, inahitaji dakika 20, na nguvu yake hupimwa kwa ukanda. Kanda ziliisha zamani, na dawa ilikuwa ikiongezwa juu ya ya zamani kama supu ya hotelini. Kanda mpya zilipofika Jumatano tukapima. Imekufa. Haikuwa na nguvu tena.

Nikaenda kwa Dokta. Asubuhi ile wagonjwa watano walikuwa wamefunga, wawili wamesafiri usiku kucha kwa basi. Alitazama ukanda, akatazama dirishani, akasema, "Futa orodha yote." Niliwatangazia mimi. Ndugu mmoja alinitukana, na sikumjibu, maana hasira yake ilikuwa halali. Dawa mpya ilimwagwa mchana, skopu ikasafishwa mara mbili, na wote watano walifanywa kesho yake na keshokutwa. Waliopita kwenye skopu ile wiki zilizotangulia tumewapigia mmoja mmoja kuuliza kuhusu homa, na Dokta ameandika taarifa kwa uongozi, na jina langu limo kwa ombi langu.

Ya tatu ni kukausha. Hapa pwani hewa yenyewe ni maji. Skopu ikining'inizwa na unyevu ndani, kufikia asubuhi ni bwawa la samaki. Sasa inapitishwa maji yaliyochujwa, kisha spiriti, kisha hewa ya kompresa kwa dakika 10 kamili, na inaning'inia wima, haikunjwi kwenye sanduku lake la safari. Saa ya keki imepata kazi ya pili.

Wiki ya 10

Usiku wa Jumamosi, saa nne, mama mzee: homa ya kutetemeka, maumivu chini ya mbavu za kulia, macho manjano. Daktari Mfaransa Charcot aliyaunganisha matatu hayo mwaka 1877 kuwa dalili za nyongo iliyoziba na kuingiwa na wadudu. Huyu alikuwa na mawili zaidi, presha imeshuka na anaweweseka. Kwa mgonjwa kama huyo mrija unatakiwa kufunguliwa mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 12.

Antibiotiki na maji vilianza dharura bila kungoja mtu. Hilo tulikuwa tumeliandika ukutani kwao wiki ya 4, na limefanya kazi. Dokta alifika na kandambili. Hakuhangaika na mawe wala hakukata msuli: aliweka stenti tu, usaha ukamiminika, akatoka. Mawe yatangoja. Zamani tungetaka kumaliza yote usiku uleule ili tusirudi. Alfajiri mama akaomba uji.

Mtaalamu wa usingizi amependekeza mashine ya kupima hewa anayotoa mgonjwa, kwa sababu kidoleni oksijeni inachelewa kusema ukweli. Tumeomba.

Wiki ya 11

Ukurasa wa baada ya kazi umekamilika. Saa sita za kwanza: maumivu, presha, joto, na amilesi, kipimo cha damu cha kuonyesha kongosho likivimba, kati ya saa ya 2 na ya 6 kwa anayelalamika. Wauguzi wa wodi wamefundishwa kugusa shingo. Ngozi ikilia chini ya vidole kama majani makavu, utumbo umetoboka na hewa imevuja, na aitwe Dokta hata kama anakula. Anayeishi mbali halali gesti, analala kwetu.

Wiki ya 12

Stenti zilizosahaulika.

Stenti ya plastiki huanza kuziba ndani ya miezi mitatu hivi. Ya chuma hudumu zaidi, ila bei yake si ya kila mtu. Nimepitia rejista na mafaili ya nyuma, nikatoa orodha ya waliobeba plastiki zetu na tarehe zao zimepita. Ilikuwa ndefu kuliko nilivyotaka kuiona. Stenti nyembamba za kongosho nazo zimo: zinatakiwa zianguke zenyewe, na eksirei ya siku ya 5 hadi ya 10 ihakikishe.

Wengi walipatikana kwa simu mbili tatu. Mmoja, mvuvi, simu yake ilikuwa ya jirani. Jirani akasema, "Ameenda dago." Kusi lilipotulia alihamia kambi na wenzake. Kwa nini hakurudi? Alipopatikana, kwa simu ya tajiri wa samaki, aliniambia, "Mwanangu, mlisema mmeniwekea mpira. Hamkusema mpira una mwisho." Nikafungua faili lake. Limeandikwa tarehe ya kurudi, kwa Kiingereza, ndani ya barua ambayo aliikunja akaihifadhi vizuri kabisa kwenye mfuko wa nailoni.

Sasa kila mwenye stenti anapewa kadi ya Kiswahili, herufi kubwa: MPIRA HUU UTOLEWE KABLA YA TAREHE, na tarehe. Chini yake: ukiona homa, macho manjano au mkojo mweusi, usingoje tarehe. Namba ya chumba chetu, na nafasi ya namba mbili za ndugu. Kabla hajatoka anatusomea mwenyewe, au anayemsindikiza anamsomea.

Mvuvi alikuja Jumatano. Macho yalikuwa yameanza kugeuka rangi. Stenti ilitoka imejaa tope, mpya ikawekwa, diklofenaki saa 3:10, skopu saa 3:40, kilango dakika ya pili. Alitaka tarehe yake ihesabiwe kwa misimu, tukaandika pembeni ya kadi: kabla kaskazi halijakolea.

Kwenye rejista imebaki mistari sita isiyofungwa. Watano nina ahadi zao. Wa sita ni binti aliyewekewa stenti kabla ya mradi, namba yake haipatikani, na kijiji kilichoandikwa kina jina ambalo mikoa miwili inalo. Nimempata mwenyekiti wa kijiji cha kwanza, hamjui. Wa pili simu yake inaita bila kupokelewa. Nitampigia tena jioni watu wakitoka shamba.